Pikapu ya mbio ianze na breki, si kelele

Vijana wa Mombasa, tuambizane ukweli. Mtu ananunua pikapu kuukuu na pesa ya kwanza inaishia kwa ekzosi. Ikipita Ndia Kuu usiku, Mji wa Kale wote macho. Sawa, kelele ipo. Mbio je?

Pikapu iliundwa kubeba mzigo. Ikiwa tupu, nyuma ni nyepesi na springi ni ngumu, kwa hivyo ukikata kona kwa kasi, mkia unateleza. Ukiongeza nguvu ya injini kwanza, umeongeza hatari tu. Anza na breki na tairi, kisha fundi aishushe na kulainisha springi za nyuma. Ndani weka fremu ya vyuma na mikanda imara. Injini ije mwisho.

Na usiijaribie Mama Ngina Drive, penye familia na wauza mihogo. Mjini mwisho ni kilomita 50 kwa saa.

Shida ni kwamba kisiwani hatuna uwanja wa mbio. Whistling Morans iko Athi River, zaidi ya kilomita 400 kutoka hapa. Kaunti itutengee kiwanja cha lami, hata Jumapili moja kwa mwezi. Nasi tufike na pikapu zinazojua kusimama, si kunguruma tu.