Watu wa Masimba, tukatae ushahidi wa kiboko



Ng'ombe akifunguliwa usiku, au mkopo wa chama usipolipwa, wapo vijana wanaoitwa kabla ya polisi. Mshukiwa analazwa chini, anachapwa nyayo huku akiulizwa, "Mwenzako ni nani?" Asipotaja, anaendelea kuchapwa. Mwishowe anamtaja jirani waliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba, maana ndilo jina lililomjia kwanza, na usiku huohuo kundi linahamia kwa huyo jirani. Aliyeiba ng'ombe huenda amelala kwake salama.

Huku kwetu Gusii tumeshaona njia hii inakofika. Mei 2008, watu 11 walichomwa moto hadi kufa kwa tuhuma za uchawi. Oktoba 2021, akina mama wazee wanne wakauawa huko Marani kwa tuhuma zilezile. Mama zetu! Sungusungu nao walianza kama ulinzi wa kijiji, kisha wakawa wanalipwa kudai madeni ya watu kwa fimbo. Serikali iliwapiga marufuku mwaka 2010, lakini tabia yao haikuondoka.

Najua kwa nini watu huwaita vijana hawa. Polisi huchelewa, na mwizi aliyekamatwa Jumatatu huonekana sokoni Ijumaa. Uchungu huo ni wa haki. Lakini Katiba, kifungu cha 29, inamkinga kila mtu dhidi ya ukatili, uwe wa serikali au wa raia mwenzake. Anayemjeruhi mtu kwa kipigo anaweza kufungwa miaka 5, na jeraha likiwa baya sana, maisha. Sheria ya Kuzuia Mateso ya 2017 inatoa kifungo cha hadi miaka 25 pale afisa wa umma anapomtesa mtu ili akiri, au anaporidhia ateswe. Kwa hiyo chifu anayejua kipigo kinaendelea na kukiachia ajue hiyo sheria inamhusu yeye pia.

Tena kukiri kwa kipigo hakumfungi mwizi. Mahakama hulitupa ungamo lililotolewa kwa vitisho, na mwizi wa kweli huenda akaachiliwa kwa sababu ya fimbo zetu wenyewe.

Basi nawaomba tukubaliane hadharani, kwenye baraza lijalo. Raia ana ruhusa ya kumkamata mwizi, ila ni lazima amkabidhi polisi bila kuchelewa. Twende naye wengi hadi kituoni, tuchukue nambari ya kitabu cha matukio (OB), tuandikishe taarifa zetu, na siku ya kesi tufike mahakamani. Kesi nyingi hufa kwa kukosa mashahidi, na mashahidi ni sisi. Vyama vya kukopeshana viandike kwenye katiba zao kwamba hakuna deni litakalodaiwa kwa kipigo; deni lisilozidi shilingi milioni 1 lina mahakama yake ya madai madogo, na huko si lazima uwe na wakili.

Aliyepigwa apelekwe hospitali na ajaziwe fomu ya polisi ya P3, asifichwe kwa aibu. Wachungaji, walimu, wazee wa Nyumba Kumi, mkisikia mtu anapigwa usiku, msifunge mlango. Tokeni, iteni majirani, pigeni simu 999. Na wewe mzazi ambaye kijana wako yumo kwenye kundi hilo, mwite leo umweleze kifungo kinachomngoja.

Asije mtu yeyote akafa Masimba kwa jina lililotajwa chini ya kiboko.