Pimeni Maji Kwanza, Viwanja Baadaye

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya Hai,
Bomang'ombe.

YAH: MAKAZI MAPYA UPANDE WA TAMBARARE

Ndugu Mkurugenzi,

Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe si la faragha. Mashamba yetu ya chini, yale ambayo wazee wa Masama walishuka kulima mahindi na maharage kisha wakapanda nyumbani na mizigo kichwani, yanageuka viwanja. Ukitoka Kwa Sadala kuelekea Bomang'ombe utaona bikoni zimesimama katikati ya mabua. Dalali atakutajia "ishirini kwa ishirini", atakutajia bei, atakuonyesha lami ilivyo karibu. Ukimuuliza maji atakujibu, "Yatakuja."

Sipingi watu kujenga. Wajenge wapi? Kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba na migomba huko mlimani, kimegawanywa kutoka babu hadi baba, kutoka baba hadi wana, na siku hizi mjukuu anaonyeshwa mistari michache ya migomba na kuambiwa ndiyo fungu lake. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,640,087 katika mkoa wa Kilimanjaro. Ya 2022 ikahesabu 1,861,934. Juu yetu kuna msitu wa Hifadhi ya Taifa, na huko hatuna pa kusogea. Kushuka ni lazima. Tena watu wakishuka kwa mpango mzuri, vihamba vilivyosalia vitapona visiishie kuwa safu za vyumba vya kupangisha.

Ombi langu ni kwamba kabla mpima hajachomeka bikoni ya kwanza, ramani ionyeshe kwanza njia za maji na vile vitu ambavyo wakazi watavimiliki kwa pamoja. Viwanja vifuate.

Kihamba kimesifiwa sana kwa miti yake. Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp alihesabu zaidi ya aina 500 za mimea katika bustani hizi za Wachagga, na FAO imeutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Sifa hizo ni za haki, ila zinaishia kwenye mringaringa, mbuni na mgomba, kana kwamba vilijipanga vyenyewe. Nyuma ya hayo yote kulikuwa na mfongo. Mfereji ule ulichimbwa kwa mikono kutoka korongoni, ukapitishwa ubavuni mwa mlima hadi migombani, na ulikuwa na wenyewe, una mzee wake, una zamu. Asiyetokea siku ya kuzibua alitozwa au alinyimwa zamu ya maji. Majirani waliogombania mpaka wa mimea ya masale mwaka mzima bado walilazimika kukutana na majembe pale banioni. Wapo wanaodhani ujirani wetu ulitokana na tabia njema za watu wa kale. Mimi nadhani ulitokana na maji.

Sasa tazama mtaa wa ishirini kwa ishirini. Ni mita za mraba 400, ukuta wa tofali pande zote, geti, na tangi la plastiki juu ya mnara. Wakazi wakutane kwa lipi? Labda kundi la WhatsApp, nalo huamka mwizi akipita.

Na huku chini tunayahitaji maji kuliko walio juu. Ukanda wa msitu upande wa kusini wa mlima hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Moshi mjini ni kama 900, na tambarare ya Hai haina cha kujivunia. Bomang'ombe yenyewe inakunywa maji yanayoshuka kwa mserereko kutoka Uroki, Masama. Wakati huohuo mvua kubwa ikinyesha, kila paa la bati na kila ua wa saruji unamwagia jirani wa chini. Mtaa unaopimwa bila kuchora njia ya maji utakuwa na kiu Januari na mafuriko Aprili.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imekwisha kukataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ukanda huo usiachwe kuwa "eneo la wazi" lisilo na mwenyewe, maana maeneo ya wazi tunajua yanavyoishia: leo gereji ya kuoshea magari, kesho kiwanja cha mtu. Upandwe mikuyu na miringaringa, upitishwe njia ya miguu ya watoto wa shule, ukabidhiwe kwa kamati ya wakazi wenyewe. Mtu anaponunua kiwanja anunue na zamu yake ya kuutunza.

Michoro mizuri tumewahi kuwa nayo. Mpango wa Dodoma wa 1976 ulijengwa juu ya nyumba kumi kumi, bustani na njia za mabasi, na haukutaka mji wa majengo ya kujitukuza. Miaka iliyofuata ilikwenda njia nyingine. Dar es Salaam nayo, kwenye Mradi wa Viwanja 20,000, ilipima maeneo makubwa ambako nyumba zilitangulia na barabara na maji vikafuata kwa kuchechemea. Kupima peke yake hakujengi mtaa.

Kuna mawili mengine ambayo sijayaona kwenye ramani za viwanja. La kwanza ni ng'ombe. Migomba ya kihambani inaishi kwa samadi. Basi sheria ndogo ziruhusu ng'ombe wa ndani mmoja au wawili kwenye viwanja vinavyotosha, na pawe na sehemu ya pamoja ya kuozesha mbolea.

La pili ni makaburi. Sisi tunazika kihambani, nyuma ya nyumba, migombani. Aliyejenga kwenye mita za mraba 400 atazikwa wapi? Leo anapandishwa Masama kwa babu yake. Mtoto wake, ambaye hatakuwa na kihamba huko juu, atapandishwa wapi? Wapimaji hukumbuka kituo cha mafuta na kusahau jambo hili, nami nashangaa, kwa sababu hakuna Mchagga ambaye hajui atalazwa wapi. Itengwe ardhi ya maziko yenye miti, ndani ya mtaa, mapema, kabla bei haijaifukuza.

Ndugu Mkurugenzi, Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inawapa wenye ardhi nafasi ya kusikilizwa. Itisha mkutano Kwa Sadala. Waite wazee wanaosimamia mifereji, akina mama wa sokoni, na vijana wanaolipia viwanja kwa awamu. Tuite wakati ramani ingali ya penseli.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Masama