Nimechoka na "Vijiji Visivyoguswa"

Kila mwaka inatoka simulizi nyingine ya safari milimani, na kila mwaka tunaisifu. Mwandishi kachoka na mji, anapanda Himalaya kwa miguu, anakwepa njia za watalii, anafika kijiji cha Wabudha ambacho eti "hakijaguswa". Bendera za sala zinapepea. Bibi mmoja anazungusha gurudumu la sala na hasemi neno hadi kitabu kinaisha.

Hakijaguswa na nani, jamani?

Chukua Mustang ya Juu, kaskazini mwa Nepal, inayopendwa sana na waandishi hawa. Karne kwa karne misafara ilipitisha hapo chumvi ya Tibet kwenda kubadilishana na nafaka za kusini. Kuanzia 1960 hadi 1974 wapiganaji wa Kitibeti walipiga kambi huko dhidi ya China, wakisaidiwa na CIA. Watalii walifunguliwa mlango mwaka 1992 tu, na kwa miaka mingi kibali kilikuwa dola 500 kwa siku 10. Basi kama pamejificha, pamefichwa na serikali na bei. Utakatifu hauhusiki.

Na ule ukimya? Watu wa kijiji cha Samdzong walilazimika kuhama kwa sababu ya uhaba wa maji. Watu wengi wa Mustang wako New York wakitafuta riziki. Mwandishi anakuta milango imefungwa, anaandika "utulivu".

Ugonjwa huu ni wa zamani. James Hilton alipobuni Shangri-La katika Lost Horizon mwaka 1933, lama mkuu wa monasteri ile alimfanya mzaliwa wa Luxembourg. Hata kwenye pepo ya Wabudha, bosi atoke Ulaya! Mwaka 2001 China nayo ikaupa wilaya ya Zhongdian jina hilo la kubuni, kuvuta watalii.

Lakini kinachoniuma zaidi ni sisi wasomaji. Tulipiga makofi Binyavanga Wainaina alipowakejeli, mwaka 2005, wanaotuandika Waafrika kama mandhari. Leo wakifanywa mandhari watu wa Himalaya, tunasema "lugha tamu sana". Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Sisemi watu wasisafiri, wala wasiandike. Nasema bibi yule aulizwe. Maji anachota wapi? Wajukuu wako wapi? Na aliyembebea mwandishi mzigo alilipwa rupia ngapi? Tuwasome pia Wanepali wenyewe: Manjushree Thapa alichapisha Mustang Bhot in Fragments mwaka ule ule wa 1992, na sijaona tukikitaja.

Simulizi ijayo ikitoka, kabla hujaisifu, hesabu sentensi alizosema mwenyeji. Ukikosa hata moja, ujue mwandishi alibeba kioo hadi mlimani akajitazama.