WIKENDI YA KWANZA SI UAMSHO

 

Leo nina neno gumu kidogo. Lisome hadi mwisho kabla hujaandika amina.

Mnakumbuka Februari 2018, filamu ya Black Panther ilipotoka? Kisumu ilifanyiwa uzinduzi kwa shangwe, kwa sababu Lupita Nyong'o ni binti wa kule. Ilitokana na hadithi za katuni zilizoanza mwaka wa 1966. Siku tatu za kwanza tu, Marekani na Kanada, iliingiza dola milioni 202. Dunia nzima ikatangaza: imeshinda!

Sina ugomvi na filamu hiyo. Ugomvi wangu ni na sisi watu wa madhabahu. Tumechukua kipimo cha sinema tukakileta kanisani.

Siku hizi tunapimaje krusedi? Siku tatu. Jukwaa kubwa, spika zinazosikika hadi ng'ambo ya mto, picha ya umati iliyopigwa kutoka juu. Jumapili jioni tunaandika mtandaoni: "Mamia wameokoka, utukufu kwa Bwana!" Jumatatu jukwaa linafunguliwa, lori linaondoka. Yule mama aliyeinua mkono Jumamosi usiku akilia, nani ana jina lake? Karatasi ilijazwa, ndiyo. Iko wapi? Nani amepanda kile kilima kwenda kumwona?

Ndugu yangu, hiyo tunaita uamsho. Mimi naiita wikendi ya kwanza.

Na niwaambie jambo la kutuaibisha. Hata watu wa sinema wenyewe hawaishii hapo! Wanajua matangazo yanaweza kujaza ukumbi siku tatu. Kwa hiyo wanangoja wikendi ya pili, waone watu wamepungua kiasi gani. Black Panther iliingiza zaidi ya dola milioni 111 wikendi ya pili, na hapo ndipo waliposema kweli watu wameipenda. Wafanyabiashara wa dunia wanauliza, "Wiki ya pili walirudi?" Sisi wenye injili hatuulizi!

Mtu ataniambia, "Mchungaji, hata Petro alihesabu. Siku ya Pentekoste waliongezeka watu kama 3,000." Ni kweli, Matendo 2:41. Lakini usifunge Biblia hapo, soma 42. Luka anatuonyesha mara moja walichofanya baadaye: walidumu katika mafundisho ya mitume, katika ushirika, katika kuumega mkate na katika maombi. Neno ni KUDUMU. Hesabu ya 3,000 ina maana kwa sababu ya mstari unaofuata.

Sasa nenda Yohana 6. Wanaume 5,000 wamekula wakashiba. Kesho yake wanamtafuta Yesu kwa mashua. Angekuwa mmoja wetu, angepiga picha. Yeye akawapa neno gumu, na wengi wakarudi nyuma, wasiandamane naye tena. Akawageukia wale 12 akawauliza kama nao wanataka kuondoka. Hakulainisha neno ili umati urudi. Kwa kipimo chetu, Bwana wetu alianguka wiki ya pili!

Mtaniambia tena, "Lakini filamu za injili nazo hujaza watu." Ndiyo. Mwaka wa 2004 The Passion of the Christ ilitoka Jumatano ya Majivu, na makanisa mengi Marekani yakanunua tiketi kwa mafungu. Ijumaa hadi Jumapili iliingiza zaidi ya dola milioni 83. Dola zilihesabiwa. Lakini ile filamu ya Yesu ya 1979, iliyofuata Injili ya Luka, huwezi kuikuta katika orodha za rekodi za wikendi ya kwanza. Hiyo imetafsiriwa katika lugha zaidi ya 2,000, na imebebwa kijiji hadi kijiji, shuka imefungwa kwenye miti, jenereta inanguruma. Imezunguka zaidi ya miaka 40. Iliendelea kwa sababu kuna watu waliendelea kuibeba.

Sisi wa Ukambani hatuhitaji kufundishwa hili na Hollywood. Mvua ya kwanza ya Novemba ikinyesha, mto unashuka kwa kishindo, watoto wanakimbia kutazama. Siku chache baadaye ni mchanga mtupu. Ndiyo sababu wazee wetu na akina mama, kwa mwethya, walibeba mawe na saruji wakajenga mabwawa ya mchanga. Bwawa hilo halina sifa. Ukilitazama huoni maji. Linajaa mchanga polepole, msimu hadi msimu. Lakini wakati wa kiangazi unachimba, na maji yapo.

Krusedi bila ufuatiliaji ni mto bila bwawa. Maji yote yanakwenda baharini, sisi tunabaki na video.

Na kuna roho za watu hapa. Mathayo 13, mbegu ya kwenye mwamba iliota upesi kuliko zote. Jua lilipochomoza ikakauka. Jua la Ukambani tunalijua! Mtu aliyeokoka Jumamosi atarudi kwa deni lake, kwa chang'aa ya jirani, kwa ndoa inayovunjika. Asipopata mtu wa kumshika mkono wiki ya pili, wiki ya kumi, atasema alijaribu wokovu na haukufaa. Mtu wa namna hiyo ni vigumu kumwita tena.

Kwa hiyo, kamati ya krusedi, nawaambia hadharani kwa upendo: bajeti ambayo karibu yote ni jukwaa na spika sitaiunga mkono. Punguzeni spika. Tununue Biblia za Kikamba. Tuweke nauli ya bodaboda kwa wazee na akina mama watakaotembelea kila nyumba. Kila jina liwe na mtu wa kuliitikia. Na tusitangaze idadi yoyote hadi Jumapili ya kumi, tukishahesabu walioketi kwenye viti.

Idadi itakuwa ndogo? Itangazwe hivyo hivyo.

Nawe unayesoma, taja moyoni mtu mmoja aliyeinua mkono mwaka jana na humwoni tena. Mpigie simu leo kabla jua halijatua. Ukishampigia, rudi hapa uandike AMINA.

Baba, tupe mzigo wa wiki ya pili. Katika jina la Yesu.

Mbarikiwe.