MALI HAIJAHAMA, HAIKUWEPO

Ndugu msomaji, kabla hatujafika mbali nijibu swali moja. Tangu uzaliwe, umesikia mara ngapi kwamba mahali fulani Mjerumani alifukia mali? Mara nyingi, siyo? Haya. Na umesikia mara ngapi mtu akisema, "Nilichimba pale siku tisa, shimo likanipita kimo, sikupata kitu"? Mimi bado. Nimekulia Maneromango, habari za machimbo ya usiku nimezisikia tangu sijang'oka meno ya utoto, na sijamsikia hata mtu mmoja akilitamka neno hilo: sikupata.

Wao husema: imehama.

Hilo ndilo neno ninalolipiga vita katika kurasa hizi, na atakayenuna anune.

Msiolijua tendo lenyewe niwaeleze. Jamaa wanakuja watano au sita, sururu, chepe, taa, mganga mbele. Kuna mbuzi, kuna ubani, kuna ramani iliyochorwa na mtu ambaye babu yake alikuwa mpagazi wa Mjerumani. (Huyu babu mpagazi yupo katika kila ramani. Wapagazi walikuwa wengi kweli, lakini hawakuwa wote watunza siri wa serikali!) Wanachimba hadi jogoo wa kwanza. Hamna. Hapo mganga anavuta pumzi, anasema mmoja wenu hakuja safi, au mbuzi hakuwa mweusi kote, au kuna aliyepiga chafya. Basi wenye mali wameihamisha. Imetoka hapa, imeenda kule karibu na mwembe. Wiki ijayo, mbuzi mwingine.

Oneni ujanja wa neno hili. "Sikupata" ni habari, inampa faida atakayekuja kesho, asimwage jasho mahali palipokwisha kumwagwa. "Imehama" ni tangazo la biashara. Shimo tupu, ambalo lilipaswa kuwa ushahidi dhidi ya mganga, linageuka kuwa shahidi wake! Ingekuwa haipo, ingehamaje? Kwa mantiki hiyo, kadiri mnavyokosa ndivyo uhakika unavyozidi. Nawajua watu waliouza mikorosho kwa mantiki hiyo.

Nilimwuliza mjomba wangu, maana naye alishachimba ujana wake.

"Mjomba, mlipata?"

"Tulikaribia."

"Mlikaribiaje, mjomba, na hamkuona hata kipande?"

"Sururu ililia. Chuma kwa chuma. Halafu kimya. Ikawa imehama."

Kwa heshima yake sikuendelea. Ila hesabu mwenyewe: kama kila shimo tupu linaandikwa kichwani mwa watu kuwa "walikaribia", basi vizazi vitatu vya kukosa vinakuwa vizazi vitatu vya kukaribia. Kijana aliyezaliwa juzi anarithi orodha ndefu ya waliokaribia, bila orodha ya waliokosa. Kwa nini asichukue chepe?

Sasa tuiangalie hiyo mali yenyewe. Maneromango inatiliwa shaka kwa sababu moja tu: Wajerumani walikaa. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walifungua kituo chao hapa mwaka 1895, miaka mitatu baada ya kile cha Kisarawe. Palipo na tofali la Mjerumani, watu hujazia sanduku la dhahabu chini yake. Lakini mmisionari alikuwa na dhahabu gani? Alikuwa na vitabu, kengele na kwinini.

"Basi siyo wamisionari, ni jeshi." Sawa, tulichukue jeshi. Vita vya 1914 hadi 1918 vilipoanza, manowari za Kiingereza ziliziba pwani yetu na fedha kutoka Ujerumani ikakatika. Kuanzia 1915 serikali ya Kijerumani ikawa inachapisha noti zake hapa hapa nchini, na kufikia 1917 ilikuwa inatoa noti porini, zimepigwa kwa herufi za mpira kama mihuri ya duka. Mwaka 1916, huko Tabora, katika karakana ya reli, waligonga heller za shaba nyekundu na za shaba njano, maganda ya risasi yakiwa sehemu ya malighafi. Dhahabu ilikuwepo, sikatai: rupia 15 zenye picha ya tembo na mlima, kama vipande 16,000 hivi, kwa dhahabu iliyotoka Sekenke. Ziligongwa ili zitumike, kwa kuwa serikali ilikuwa imeishiwa. Niambieni nyinyi wenye ramani: serikali inayokusanya maganda ya risasi ili ipate senti, inafukia masanduku ya dhahabu Uzaramo ili kusudi gani?

Sisemi kwamba hakuna aliyefukia chochote. Watu walikimbia vita, na mtu anayekimbia hufukia vijisenti vyake. Huenda ziko rupia tano kwenye kibuyu mahali fulani. Lakini kibuyu hakilipi mbuzi sita.

Na kiko kitu kimoja kikubwa ambacho Wajerumani walikificha kwelikweli na kikapatikana. Ni meli! Mwaka 1916 waliizamisha meli yao, Graf von Götzen, katika Ziwa Tanganyika karibu na mdomo wa Malagarasi, mitambo yake wakiwa wameipaka grisi ili isile kutu. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Haikuhama. Chuma chote kile kimelala majini na majini hawakukisogeza hata hatua moja, kisha twaambiwa sanduku la Maneromango linatembea usiku kama kicheche.

Nitoke kidogo nje ya Uzaramo, maana kuna watu waliogeuza kutafuta na kukosa kuwa mchezo, nao wana la kutufundisha. Tarehe 2 Mei 2000, Marekani iliondoa kizuizi kilichokuwa kinapunguza usahihi wa setilaiti zake za kuonyesha mahali. Kesho yake Mmarekani mmoja, Dave Ulmer, akaficha ndoo porini katika jimbo la Oregon, ndani yake vitu vidogo vidogo na daftari, akatangaza kwenye intaneti namba za mahali ilipo. Siku chache tu ikapatikana. Ndivyo ulivyozaliwa mchezo uitwao jiokashingi, ambao leo una vikasha kwa mamilioni duniani. Unapewa namba, unakwenda na kifaa chako, ukipata unaandika jina daftarini, unarudisha kikasha palepale. Hakuna dhahabu, hakuna mbuzi.

Sasa sikilizeni. Ukikosa, mchezo unakutaka uandike hivyohivyo hadharani: nilifika, nilitafuta, sikupata. Maana mwenye kikasha yuko mbali, hajui kama kimeibwa au kimesombwa na mafuriko. Mgeni mmoja akikosa, haisemi kitu, labda macho yake tu. Wakikosa wanne mfululizo, na wawili kati yao wazoefu, mwenye kikasha anajua kuna jambo, anakwenda kuangalia. Kikiwa hakipo anakiondoa kwenye orodha, na wa tano haliwi nauli. Mnaona? Kukosa kwa mmoja ni bahati mbaya. Kukosa kwa wanne, kukiandikwa, ni maarifa.

Lakini nao ni binadamu. Wengi wao hawaandiki. Mchezo humhesabia mtu alivyopata na kuonyesha idadi mbele ya jina lake, basi mtu akikosa anaondoka kimya, anajiambia "sikutafuta sawasawa, nitarudi". Kwa hiyo ukiuliza watafutaji hukosa mara ngapi katika kila mia, huwezi kupata jibu la kuaminika. Unaweza kuhesabu waliokubali tu. Kikasha kinaonekana chepesi, kumbe kumi waliokikosa wamenyamaza. Ni aibu ileile ya mjomba, imevaa viatu vya mlimani.

Maprofesa je? Walewale. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walizifuatilia tafiti 221 za sayansi ya jamii waone ziliishia wapi. Zile ambazo hazikukuta kitu, karibu theluthi mbili hazikuandikwa kabisa. Ziliachwa kwenye droo. Kwa hiyo msije mkadhani nawasema washamba wa Kisarawe. Droo ya profesa na shimo la mjomba vina ukoo mmoja.

Kama mambo yangeishia kwenye dhahabu ningenyamaza. Mtu na mbuzi wake. Kilichonitoa kalamu mfukoni ni maji.

Sehemu zetu hizi za Kisarawe maji ya ardhini ni kamari. Unachimba hapa unapata, hatua mia mbili unapata ya chumvi, mbele kidogo unapata vumbi. Mashine inakuja juu ya lori, watoto wanakimbia nyuma yake, mwenyekiti anavaa shati la sherehe. Inanguruma siku mbili. Kisha asubuhi moja lori halipo. Hakuna mkutano, hakuna taarifa, kuna bomba limechomoza ardhini limezibwa kwa jiwe. Ukiuliza: "Wataalamu watarudi." Miaka inapita, mradi mwingine, wafadhili wengine, mashine nyingine, na wale nao wanachimba ng'ambo ya barabara, kwa sababu hakuna aliyewaambia. Kijiji sikitaji. Walioliona lori hilo wanalijua.

Mtaniambia ziko taratibu, mchimba kisima anatakiwa kupeleka kumbukumbu ofisi ya bonde. Zipelekwe. Lakini mama anayebeba ndoo ya lita ishirini kichwani haendi ofisi ya bonde, na diwani anayeomba mradi mpya haendi pia. Kumbukumbu ya kukosa inayokaa kabatini mbali na waliokosa ni nusu ya kumbukumbu. Mnaposimamisha kibao cha "Kisima hiki kimejengwa kwa hisani ya", simamisheni na cha pili: "Hapa tulichimba mita kadhaa, mwezi fulani, mwaka fulani, maji hayakupatikana." Kibao hicho kitawaudhi wenye kukata utepe. Kiwaudhi.

Kumbukumbu ya namna hiyo si ya kulilia tu. Mwaka 1974 kampuni ya Agip ya Italia ilichimba Songo Songo, Kilwa, ikikusudia mafuta. Ikakuta gesi, ikaona haina faida, ikafunga virago. Kwa hesabu ya wakati ule hapo palikuwa pamekosekana. Lakini kilichoonekana na kisichoonekana kiliandikwa, Shirika letu la Petroli likaendeleza kazi juu ya maandishi hayo, na mwaka 2004 gesi ya Songo Songo ikafika Dar es Salaam kuzalisha umeme. Fikirini kama Waitaliano wangeondoka wakisema imehama.

Na sisi waandishi vijana tusijifiche nyuma ya wachimbaji. Nimezisoma hadithi zetu. Kila anayechimba, anapata. Kijana maskini, ramani, pango, joka, sanduku, harusi. Sijaona hata moja ambayo sanduku halipo na mtu anarudi nyumbani kumweleza mkewe mikorosho imekwenda wapi. Hiyo ndiyo hadithi yenye watu ndani yake, na mkutano wa mume na mke mlangoni saa kumi na moja alfajiri unamshinda joka yeyote. Mhariri atuletee, nitakuwa wa kwanza kusoma.

Wako watakaonijibu kwamba kuandika "sikupata" ni kujianika, watu watacheka. Watacheka, ndiyo. Watamcheka wa kwanza, wa pili watamcheka kidogo, wa tano watamwuliza mganga alikuwa nani. Hapo ndipo wanapopaogopa waganga, na ndiyo sababu shimo likishakuwa tupu wanawaapisha watu wasiseme. Mmewahi kujiuliza kiapo hicho kinalinda nini, wakati hakuna kitu cha kulindwa?

Ninachotaka kina bei ya daftari la kaunta. Likae kwa mtendaji wa kijiji, au shuleni, au hata kwenye duka la chumvi. Safu tano: tarehe, mahali, kwa kutaja mti na hatua ili wa kesho apaone, kina, aliyesema kipo, kilichopatikana. Dhahabu na maji viingie humohumo, shimo ni shimo. Safu ya nne mtaniomba niifute, na siifuti.

Mjomba amekubali kutoa mstari wa kwanza kwa sharti jina lake lisiwekwe. Tulikwenda pamoja Jumamosi kupima kwa kamba. Shimo bado liko wazi mpaka leo, limeota majani pembeni, limeshika maji ya mvua, na njia ya watoto wa shule inapita hatua saba tu kutoka ukingoni. Kina, kama urefu wa mtu na nusu. Kilichopatikana: hamna.