Kofia za Vita Sebuleni

Msomaji wangu, mwenzi wako akijaza sebule kofia za chuma na medali za jeshi, usikimbilie kununa. Mimi humkumbuka Francis Bannerman wa New York. Baada ya vita vya Marekani na Hispania vya 1898 alinunua shehena kubwa ya vifaa vya jeshi, akawa anauza kwa katalogi: mteja anachagua, anatuma hela kwa posta, anasubiri mzigo. Risasi zikakosa pa kukaa mjini, ndipo mwaka 1900 akanunua kisiwa kwenye mto Hudson. Akajenga maghala kama ngome, lakini na nyumba ya familia pia. Hapo ndipo namsifu! Wewe na mwenzio, kabla hajaagiza kingine, kubalianeni: chumba kipi ni chenu wawili?