Punda Aishi na Mzigo Ufike

Lamu husifika kwa mashindano ya punda, ambayo hufanyika wakati wa Maulidi na wakati wa tamasha la utamaduni. Haja ya mwendeshaji huwa moja tu: kuwatangulia wenzake. Kwa sababu hiyo, ni rahisi kudhani kuwa ustadi wa kumwendesha mnyama hupimwa kwa kasi. Dhana hiyo yafaa kutazamwa upya, hasa Mombasa bara, ambako punda ni mtenda kazi wala si mkimbiaji.

Katika ufuo wa Bamburi, Kisauni, ngamia hupiga magoti ili mtalii apande, kisha huinuka kwa amri ya mwongozaji wake. Hapo hapana mshindi wala mshindwa, pana maelewano. Farasi na punda nao hufunzika vivyo hivyo: kuja waitwapo, kusimama tuli, kurudi nyuma, kuinua kwato, hata kuinama mithili ya watoao heshima. Siri ni kuligawa tendo katika hatua ndogo na kumtuza mnyama papo hapo afanyapo sawa. Tuzo ikichelewa, hajui anatuzwa kwa lipi.

Mwaka 1904 farasi aitwaye Hans alivuma mjini Berlin kwa kujibu maswali ya hesabu kwa kugonga kwato. Mwaka 1907 mtafiti Oskar Pfungst alibainisha kuwa Hans hakujua hesabu. Alisoma mitikisiko midogo ya mwili wa muulizaji, ambayo mwenyewe hakuitambua. Waama, mnyama aonaye hayo huiona pia hasira ya mwenye fimbo.

Wapo watakaosema kuwa mchuuzi wa maji wa Likoni au Changamwe hana wakati wa michezo. Lakini punda aliyefunzwa kuinua kwato hutibiwa jeraha bila vurugu, na aliyefunzwa kusimama tuli hamwagi madumu ya maji. Dakika chache kwa siku zatosha. Hahitaji uwanja wala kombe.

Wanafunzi wa Kiswahili nao wana dhima. "Afe punda, mzigo wa bwana ufike" ni methali inayomtukuza afikaye, kama yafanyavyo mashindano. "Asante ya punda ni mateke" humtwika mnyama lawama. Methali ni hazina, ila si sheria. Hapana budi zifundishwe sambamba na swali hili: ni nani aliyemfunza punda kupiga mateke?